Mlio wa Gari la Arcesio Buriticá

Niseme mapema, nisije nikasingiziwa zaidi ya niliyoyatenda: mimi ndiye fundi niliyelifungua gari la Arcesio Buriticá mara kumi na moja nikitafuta mlio, na kuanzia mara ya tatu nilikuwa najua mlio unatoka wapi. Madereva wa uwanjani hapa Peñablanca siku hizi wanapenda kusema kwamba lile jambo tulilifanya sote. Si kweli. Wao walicheka tu. Aliyeshika spana nilikuwa mimi.

Arcesio alizaliwa njiani, mama yake akiwa juu ya nyumbu, na baba yake aliswaga nyumbu hadi magoti yakamwisha. Yeye alipofika miaka ishirini na miwili akauza nyumbu wote saba wa urithi, akanunua gari moja la wazi la kijeshi la mwaka hamsini na nne, lenye turubai juu na benchi mbili nyuma. Baba yake hakusema naye kwa mwaka mzima. Huku milimani kwetu kila kitu hushuka na magari yale, kahawa, ndizi, maharusi na maiti, na Arcesio akachukua njia ambayo wengine waliikwepa, ile ya kijiji cha La Cristalina, ukuta wa mlima upande huu na upande wa pili hakuna kitu. Aliipanda na kuishuka miaka arobaini na moja bila kumwangusha mtu. Abiria wa La Cristalina walikuwa wakilala usingizi garini mwake, na hilo ni jambo ambalo sijaliona kwa dereva mwingine yeyote.

Mkewe, Ofelia, alikufa kwa maradhi ya ini. Arcesio akaichukua pete yake akaivaa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa na yake mwenyewe. Pete ilimpwaya. Alichukua pia kirungu cha shaba cha kitanda chao, akakikaza juu ya gia badala ya kile cha plastiki kilichopasuka. Ukiyasikia hayo utadhani alikuwa mtu mwenye moyo laini.

Alikuwa mtu mwenye ulimi. Pale uwanjani, magari yakisubiri zamu, yeye ndiye aliyekuwa akigawa majina. Nevardo, dereva mwenzake na msimamizi wa foleni, alibabuliwa uso na mvuke wa rejeta, na kabla bandeji haijatoka Arcesio alikwisha kumwita Arepa, kwa yale madoa ya mkate wa mahindi ulioungua motoni. Mke wa Nevardo mwenyewe sasa humwita Arepa. Mimi nilioa nikiwa na miaka ishirini na tisa, na siku ya ishirini na sita mke wangu akaondoka na mchuuzi wa vitambaa. Aliliacha gauni la harusi. Nililifua, sijui kwa nini, nikalianika. Arcesio akapita, akalichomoa kambani, akalivisha gari lake mbele, shela juu ya rejeta, akazunguka nalo uwanja mara tatu akipiga honi siku ya gulio. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gereji na grisi hadi viwikoni. Tangu siku hiyo mimi ni Bibi Harusi. Jina langu ni Gildardo, lakini hata watoto wa shule wakileta baiskeli husema, "Bibi Harusi, nipulizie tairi." Miaka kumi na tisa.

Na ni huyo huyo aliyemshusha mama yangu kutoka La Cristalina, mvua ikinyesha, minyororo kwenye magurudumu, saa tano nzima, akamfikisha hospitali akiwa hai. Hakutaka hata ahsante. Nilipojaribu kumshukuru aliniambia niende nikavae nguo kavu, nisije nikaharibu shela. Unamfanya nini mtu wa namna hiyo?

Mlio ulianza Januari. Alikuja akasimamisha gari mlangoni pangu, akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Bibi Harusi! Toka kitandani, mume amekuja!"

"Una nini, Mzee Arcesio?"

"Gari linalia."

"Linalia wapi?"

"Ningejua ningekuja kukutazama sura yako asubuhi yote hii? Linalia ti-ti-ti-ti, mtu anagonga kijiko kwenye bilauri. Mbele huku, chini chini."

"Ukikanyaga mafuta, unazidi?"

"Hauzidi. Haupungui. Kona ikija, unanyamaza. Nikisimama napakia watu, ndiyo unanogewa."

Hapo nilikuna kichwa. Mlio wa gari hufuata injini au hufuata magurudumu, hauna bwana mwingine. Huu ulikuwa haumfuati yeyote. Nikaliendesha peke yangu hadi darajani na kurudi, likanyamaza kimya. Nikakaza nati za madigadi na mabano ya ekzosi, nikamrudishia. Kesho yake akarudi.

"Linakuona haya," akasema. "Bado hamjazoeana. Nawe unajua mambo ya kutozoeana."

Mara ya pili nikaendesha mimi, yeye akakaa upande wa abiria, mkono wake wa kulia kwenye kile chuma cha kujishikia. Hatujafika hata kanisani akaruka kitini. "Huo! Huo! Umehamia huku kwangu! Umeona wizi huu?" Nami niliusikia kweli, ti-ti-ti-ti, mdogo, mkali, upande wa kulia. Tulifungua ubao wa mbele, tukatoa jeki na sanduku la vifaa chini ya kiti. Tulikuta punje za kahawa, shanga ya rozari na kisigino cha kiatu cha kike. Mlio hatukuukuta.

Mara ya tatu ilikuwa Februari. Safari hii yeye akaendesha, mimi nikakaa pembeni. Tulipanda hadi kwenye bomba la maji la njia ya La Cristalina, na muda wote nikausikia chini ya sauti ya injini. Kule juu akazima gari. "Sasa sikiliza," akasema, akainama, sikio karibu na sakafu, macho kwenye pedeli, mkono wa kulia umepumzika juu ya gia.

Ti-ti-ti-ti-ti.

"Unausikia? Unausikia, Bibi Harusi? Hata injini ikiwa imezimwa!"

Niliutazama ule mkono. Katika magari yale gia hutetemeka daima, na mkono wowote ulio juu yake utatetemeka nayo, ndiyo maana hakuna aliyeshangaa. Lakini sasa gari lilikuwa limekufa kabisa na mkono ulikuwa unaendelea, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kana kwamba anavingirisha sigara, na pete ya Ofelia inagonga kirungu cha shaba. Babu yangu alikufa kwa ugonjwa huo wa kutetemeka. Huanza mkono mmoja, ukiwa umepumzika. Ukishika kazi, hutulia. Ndiyo maana kwenye kona, alipokuwa akiuhangaikia usukani kwa mikono miwili, mlio ulikoma. Baadaye hautulii tena.

Kama alikuwa haoni au hataki kuona, hilo siwezi kukuambia. Ninachojua ni kwamba tangu Krismasi kahawa alikuwa akiinywa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ulikaa ndani ya poncho, lile joho lake la sufu. Kutetemeka alikujua, akakuficha. Kwamba ndiko kunakolia, nadhani hakujua.

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa kwa kaburi la mama yangu, neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Yeye akainua kichwa, akaniona nimeduwaa, akacheka.

"Vipi umenyamaza? Umekumbuka fungate?"

Nikasema, "Ni giaboksi, Mzee Arcesio. Itabidi tuifungue."

Giaboksi ilichukua siku nne. Hizo ni siku nne bila safari, na watu wa La Cristalina wakatembea kwa miguu. Jioni ya siku ya kwanza nikamwambia Nevardo. Akajishika lile shavu lake lenye madoa, kisha akacheka hadi akalazimika kuketi kwenye gurudumu. Kesho yake uwanja mzima ulijua, na mchezo ukaanza.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Kila dereva alichagua kipande cha gari, akaenda kumshauri Arcesio kwa uso wa huruma. Ambaye kipande chake kingeng'olewa kwanza, wengine walimnunulia kahawa na kipande cha jibini. "Mzee wangu, mimi langu lililia hivyohivyo, ikawa ni ndoano za turubai." Ndoano zikatoka. "Mjomba, umeangalia mnyororo wa nyuma?" Mnyororo ukatoka. Madigadi. Boneti. Ubavu wa benchi ya kushoto. Kila kipande alikileta kwangu, na mimi nilikuwa nikikifungua kwa makini, nikikipulizia vumbi, nikikigonga na spana karibu na sikio huku nimefumba macho. "Hapana," nilikuwa nikisema. "Si hiki. Lakini tumekaribia." Alinilipa kwa mikungu ya ndizi na kuku, na kahawa aliyonichemshia mwenyewe pale gereji. Nilikunywa kahawa hiyo. Ilikuwa nzuri.

Nilikuwa na furaha, na sioni sababu ya kulificha hilo. Kila alipoingia na bolti nyingine kwenye kiganja, macho mekundu, akiniuliza, "Na hii?", nilihisi kitu kimeshuka tumboni mwangu kikatulia. Nilikuwa nalala vizuri. Sijawahi kulala vizuri namna ile tangu nioe.

Mwezi wa tano alianza kuwashuku abiria. Akaamua ni makopo ya maziwa ya Bi Zoraida, ajuza mwenye miaka sabini aliyepanda nyuma ya gari lake kila Jumanne tangu ujana wake. Alimsimamisha katikati ya njia, mvua imeanza, akamteremsha na makopo yake mawili. "Shuka, bibi, unaniliza gari." Bi Zoraida alitembea saa mbili. Aliposimuliwa sababu na Nevardo alipiga ishara ya msalaba, hakucheka. Ila hakumwambia Arcesio neno. Hakuna aliyemwambia. Watu walikuwa na majina yao, na kila mmoja alikumbuka siku alipopewa lake.

Mwezi wa saba, wiki ile ile ya Mama wa Karmeli, magari yote yanapopambwa maua kwa heshima ya mlinzi wa madereva, Nevardo mwenyewe akaenda akamnong'oneza kwamba picha ya Bikira iliyokazwa kwa skrubu mbele ya kiti ndiyo inayolia. Tulikuwa tumesimama pembeni tunatazama. Arcesio akaitoa kwa bisibisi, akaifunga kwa leso, akaitia kifuani ndani ya shati, akapanda garini akasikiliza. Nevardo alipata kahawa yake na jibini, na mmoja wetu akamwongezea keki.

Binti wa Arcesio, Luz Dary, ndiye aliyekuwa akipima kahawa kwenye chama cha wakulima. Mwanamke wa maneno machache, na ndiye peke yake mjini aliyeniita kwa jina langu. Alikuja gereji mwezi wa nane, mchana, akafunga mlango nyuma yake.

"Fundi Gildardo, mkono wa baba umeuona."

"Nimeuona."

"Unajua ni nini."

"Najua."

"Mimi nikimwambia, atasema namzeesha nipate gari. Daktari hataki kumsikia. Wewe ni fundi. Kuhusu gari lile, neno lako analiamini kuliko la padri." Alikuwa anasokota kona ya kitambaa chake. "Mwambie hapa hapa, mlango umefungwa, asiwepo mtu. Usimwambie ni ugonjwa. Mwonyeshe tu pete. Mengine atayaelewa mwenyewe, na atarudi nyumbani kwa miguu yake. Kabla hajamtumbukiza mtu kule La Cristalina. Naomba tu uwanja usimcheke. Hilo litamuua."

"Nitamwambia," nikasema. "Kabla ya sikukuu ya mji."

"Niapie."

Nikamwapia. Nilipokuwa naapa nilikuwa na nia, angalau nusu ya nia. Lakini siku ya pili Arcesio akaingia na springi ya kiti mkononi akaniita kwa lile jina mbele ya wateja wawili, nami nikaipokea springi.

Septemba gari lilikuwa mifupa mitupu. Hata turubai hakuna. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, na abiria wa La Cristalina walikuwa wamehamia gari la Nevardo. Ndipo alipokuja na wazo lake.

Kwenye sikukuu ya mji, magari hushindana. Unapakia magunia na mikungu nyuma kupita kiasi, hadi magurudumu ya mbele yanyanyuke hewani. Unaweka gia nzito kabisa, unapangilia mzigo uegemee kushoto kidogo, na gari linazunguka uwanja kwa magurudumu mawili ya nyuma. Kisha dereva anashuka. Gari linatembea lenyewe, halina mtu, pua juu, naye anatembea pembeni, na desturi ni kwamba hupewa maiki aseme mzunguko huo anamtunukia nani. Baada ya mizunguko mitatu hurukia ndani na kulishusha taratibu. Arcesio alikuwa ameshinda mara sita.

"Fikiria," akaniambia. Alizungumza kwa sauti ndogo, siyo ya uwanjani. "Likitembea lenyewe, ndani hamna mtu, mimi niko nje na sikio langu. Nalizunguka lote. Halitakuwa na pa kujificha. Ila bendi inyamaze. Wewe unajuana na wale wa jukwaani. Waambie wanyamaze, hata watu wanyamaze, dakika mbili tu. Nakuomba."

Sikuwahi kumsikia akisema nakuomba, si kwangu, si kwa mtu mwingine.

Tulilikaza lile gari upya kwa wiki mbili, tukalirudishia benchi na madigadi. Nilikwenda kwa mshereheshaji, nikapanga naye. Nilimwambia: gari la Arcesio likianza kutembea lenyewe, zima bendi, waombe watu utulivu. Nikamwambia pia jambo ambalo Arcesio hakuniomba: maiki mpe kwenye mkono wa kulia. Mshereheshaji akauliza kwa nini. Nikamwambia wa kushoto unamuuma.

Jumapili ya mashindano kulikuwa kweupe, jua la saa sita. Luz Dary akanipata kwenye umati, akanishika mkono.

"Amepanda garini. Gildardo, umemwambia?"

"Nimemwambia," nikasema. "Anajua. Anataka kuaga tu, mara ya mwisho."

Macho yakamjaa machozi. Alinikumbatia pale pale, mbele ya watu, akasema Mungu akulipe.

Gari likaingia, magunia kumi na nane na mikungu ya ndizi imening'inia nyuma, pua hewani. Niseme haki: hakuna aliyelipangilia mzigo kama yeye. Lilipita mbele yetu kwa upole, magurudumu ya mbele yakizunguka hewani kivivu, naye amenyooka kitini, kofia mpya. Mikono miwili kwenye usukani. Mzunguko wa kwanza. Kisha akashuka, na gari likaendelea bila yeye, na watu wakapiga makofi.

Mshereheshaji akainua mkono. Bendi ikakoma. Akawaomba watu kimya, nao wakanyamaza, maana madereva wote walikuwa wameshapitisha neno. Uwanja wa watu elfu mbili, na kinachosikika ni injini ile nzee inanguruma chini chini. Arcesio alikuwa anatembea kinyumenyume kando ya gari, ameinama, sikio kwenye gurudumu, sikio kwenye giaboksi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesali. Gari halikulia.

Mshereheshaji akamfuata, akamtia maiki kwenye mkono wa kulia.

Spika zilikuwa nne, kila pembe ya uwanja moja. Mlio ukatoka kwenye zote nne. Ti-ti-ti-ti-ti, mkubwa, ukarudi kutoka kwenye ukuta wa kanisa.

Arcesio akaruka. "Nyamazeni!" akapiga kelele ndani ya maiki. "Nausikia! Uko hapa! Uko hapa hapa!" Akaenda mbio upande wa pili wa gari, akapiga magoti, akaweka sikio, na mlio ukaenda naye, pembe zote nne. "Uko hapa! Bibi Harusi, njoo, nimeupata!"

Sijui nani alianza. Nadhani Nevardo. Kicheko kilitoka upande wa foleni ya magari kikazunguka uwanja mzima, hata watu wasiojua kitu wakacheka kwa sababu wengine wanacheka. Wanawake walishika mbavu. Mmoja akaigiza na chupa na pete yake. Arcesio alibaki magotini, akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa ametuchekesha miaka arobaini na alikijua kicheko chetu, na nadhani alikitambua kuwa siyo cha gari. Akaishusha maiki akaitazama. Akautazama mkono.

Aliuweka ule wa kushoto juu ya wa kulia, akaubana. Mlio ukakoma. Akauachia. Ukaanza.

Gari lilikuwa limemaliza mzunguko wa tatu na linaanza wa nne, mzigo umeanza kulegea, na hakuna aliyekuwa akilitazama. Luz Dary akaruka kamba, na viatu vyake vya Jumapili, akashika chuma akapanda, akalishusha pua polepole kama alivyoona baba yake akifanya tangu utotoni. Aliposhuka hakunijia mimi. Alimwinua baba yake magotini, akaichukua maiki kwenye mkono wake, kwa shida, maana vidole havikutaka kuachia, akairudisha kwa mshereheshaji. Wakapita katikati yetu. Kicheko kilikuwa kimekwisha, ila hakuna aliyejua aweke wapi macho, na bendi, kwa kukosa la kufanya, ikapiga.

Kesho yake saa nne asubuhi alikuja gereji kwa miguu. Hakupaza sauti. Aliingia, akausukuma mlango kwa bega ukafungika, akasimama katikati ya chuma changu chote. Pete hakuwa nayo. Mkono ulikuwa nje ya poncho, unatetemeka kimya.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Februari."

"Siku ile kwenye bomba la maji."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo giaboksi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na Bi Zoraida. Na Bikira."

Nikaitikia kwa kichwa. Yeye naye akaitikia, polepole, akiipanga miezi kichwani mwake.

"Luz Dary anasema alikuomba uniambie."

"Aliniomba."

"Ukamwapia."

"Nikamwapia."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, majibu nilikuwa nayo ya miaka kumi na tisa, nimeyapanga usiku mwingi, na lile la gauni lilikuwa la kwanza. Lakini hakutukana. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu uliyemjua zamani ukadhani yu mji mwingine.

"Mimi nimewacheka watu wote wa mji huu," akasema. "Namwona mtu, namcheka, napita. Kesho nimesahau, naye namsalimia. Lakini kukaa na mtu miezi minane. Kumtazama usoni anateseka, unakunywa kahawa yake, unamwambia tumekaribia." Akatikisa kichwa. "Hapana. Hilo mimi nisingeliweza."



Akageuka aende. Akanyoosha mkono wa kulia kwenye kitasa, kwa mazoea, ukamshinda. Akajaribu tena. Hakuniangalia, wala hakuniomba. Alisubiri tu, mgongo umenielekea, hadi nilipokwenda kumfungulia.